Mlango wa vani usipokutii, zima swichi kwanza

Ukipita nje ya shule yoyote ya chekechea mjini saa za watoto kuchukuliwa, utaziona zimejipanga foleni: Toyota Noah, Voxy, Nissan Serena, Honda Stepwgn na ndugu zao. Mzazi abonyeza kidude, mlango wateleza nyuma wenyewe bila kuguswa, na watoto waingia mmoja mmoja na mikoba yao. Kwa mama aliyebeba mtoto mgongoni na mfuko wa sokoni mkononi, mlango wa namna hii ni neema kubwa. Wala sioni aibu kusema kwamba wengi wetu tuliponunua vani hizi, mlango huo ndio uliotuvutia kuliko injini.

Lakini yafaa tukumbuke gari limetoka wapi. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari kuukuu lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na wengi wetu hununua yale yaliyo karibu na ukingo huo kwa sababu ndiyo tunayoyamudu. Baadaye gari huuzwa tena kwa mtu wa pili na wa tatu. Hebu fikiria mlango huo umefunguliwa na kufungwa mara ngapi, kwanza huko Japan, kisha hapa kwetu penye vumbi la murram, matope ya masika na makombo ya maandazi. Si ajabu basi kwamba siku moja utabonyeza kidude, mlango ufunguke nusu, urudi, ulie mlio wake wa kulalamika, kisha unyamaze.

Hapo ndipo familia nyingi huharibu mambo. Baba hushika mlango na kuusukuma kwa nguvu zake zote huku mota ikivuta upande wa pili. Mtoto mkubwa naye huambiwa asaidie kutoka ndani, na vidole vyake viko kwenye ukingo. Kesho yake gari lapelekwa gereji, na fundi ambaye hajafungua hata parafujo moja atangaza kwamba mota imekufa na kwamba anamjua mtu Kirinyaga Road mwenye mota nyingine. Mimi sisemi mafundi wote ni walaghai. Nasema tu kwamba mara nyingi mota haina ugonjwa, na mtu anayekuuzia mota kabla ya kukagua reli, betri na kebo anakuuzia kubahatisha kwake.

Mlango wenyewe hauna uchawi. Umening'inia kwa rola ndogo zinazopita ndani ya reli tatu: moja juu, moja katikati ubavuni mwa gari, na moja chini karibu na kidato. Katika vani nyingi mota imefichwa ubavuni, nyuma ya plastiki ya ndani, na huvuta kebo nyembamba ya chuma inayozunguka kwenye kapi, mithili ya kamba ya kisima. Mlango ukikaribia kufunga, mota nyingine ndogo iliyo kwenye kitasa huuvuta sentimita za mwisho hadi ukaze. Juu ya hayo yote kuna kompyuta ndogo inayopima jinsi mlango unavyokwenda. Ikihisi uzito usio wa kawaida, au ukanda wa mpira ulio kwenye ukingo wa mlango ukibanwa, hudhani ni mkono wa mtoto na kuurudisha mlango nyuma.

Ukilielewa hilo la mwisho, nusu ya kazi umeimaliza. Kompyuta haiwezi kutofautisha mkono wa mtoto na kifuniko cha soda kilichokwama kwenye reli ya chini. Mlango unaofunguka nusu na kurudi mara nyingi unakuambia kwamba njia yake ni chafu. Chukua tochi, piga magoti, uangalie reli hiyo ya chini. Utashangaa: karanga, sarafu, vipande vya kalamu, changarawe, na tope lililokauka likawa kama saruji. Ondoa kwa brashi na kitambaa, kisha fanya vivyo hivyo kwa reli ya katikati, ambayo wengi huisahau kwa kuwa iko nje na hupigwa na vumbi lote la barabarani. Pangusa pia ule ukanda wa mpira, na utazame kama umepasuka au kupinda.

Jambo moja nakusihi: usikubali fundi amimine oili chafu kwenye reli. Naam, siku ile mlango utateleza kama samaki. Baada ya majuma machache ile oili itakuwa imekusanya vumbi na kugeuka uji mweusi wa kusaga rola. Kinachohitajika ni reli safi na grisi kidogo sana kwenye pini za rola. Basi.

Kabla ya gereji kuna mambo mengine madogo ya kutazama. Ikiwa milango yote miwili imekataa kwa pamoja, usifikirie mota, kwani mota mbili hazifi saa moja kama wapenzi wa kwenye sinema. Fikiria betri iliyochoka, fyuzi, au ile swichi kubwa ya kuzima umeme wa milango, ambayo huwa kwenye dashibodi karibu na usukani. Kwa kuwa maandishi yake mara nyingi ni ya Kijapani, na kitabu cha maelezo, kama kilikuja, ni cha Kijapani vilevile, kuna watu wanaoendesha gari miaka miwili bila kujua swichi hiyo ni ya nini. Kijana wa kuosha gari akiigusa kwa kitambaa chake, familia nzima hufadhaika.

Tazama pia gia. Magari mengine hukataa kufungua mlango kwa umeme mpaka gia iwe kwenye P, mengine hutosheka ukiwa umekanyaga breki. Na ukiwa kwenye kituo cha petroli, mlango ulio upande wa tangi huenda ukagoma kwa makusudi, ili usikigonge kifuniko cha mafuta kilicho wazi. Huo si ubovu. Halikadhalika, betri ikitolewa na kurudishwa, kompyuta ya mlango huweza kusahau mlango uko wapi. Ufunge kwa mkono hadi ukaze kabisa, kisha ujaribu tena kwa kidude.

Sasa nije kwenye dalili ambazo hazifai kuchezewa, kwani hapa ndipo penye hatari hasa.

Ya kwanza ni sauti ya kukwaruza, kra-kra-kra, itokayo ubavuni mlango unapokwenda. Mara nyingi hiyo ni kebo iliyoanza kufumuka nyuzi. Usiendelee kubonyeza kwa matumaini kwamba itajirekebisha. Nyuzi zikijiviringisha kwenye kapi, mlango waweza kukwama umefungwa, na fundi atalazimika kubandua plastiki za ndani ndipo aufikie. Zima ile swichi kubwa siku hiyohiyo na uanze kutumia mkono.

Ya pili ni mlango unaofika mwisho lakini haukazi, au unaokaza kisha ukajifungua tena, na taa ya mlango kwenye dashibodi haizimiki. Hapa tatizo huwa kwenye kitasa au mahali kinapoingia. Gari la namna hii lisiwabebe watoto hadi litengenezwe. Nimeona kwa macho yangu vani kwenye Thika Road mlango wake umefungwa kwa kamba ya katani iliyopitishwa dirishani, na ndani mna watoto waliovaa sare za shule. Kamba hiyo haizuii kitu gari likikata kona, na ajali ikitokea itazuia wale wanaotaka kuwatoa watoto.

Wala usidhani ubaya huu ni wa magari makuukuu ya Afrika pekee. Mwaka 2016 Toyota iliyaita tena magari yapatayo 744,000 ya aina ya Sienna huko Marekani, yaliyoundwa kuwa ya miaka ya 2011 hadi 2016, kwa sababu umeme wa mlango ungeweza kuzidiwa, fyuzi ikakatika, na mlango ukabaki bila kukaza na kufunguka safarini. Mwaka 2018 Honda nayo iliwaita wenye Odyssey zipatazo 107,000 huko huko Marekani kwa milango ambayo huenda haikukaza vizuri. Hayo ni magari ya soko la Marekani, si yale yanayoshushwa Mombasa. Lakini kampuni za Japan nazo huwaita wateja wao, na nyingi huruhusu mtu kutafuta mtandaoni kwa nambari ya chesisi ajue kama gari lake liliwahi kuitwa. Mpe kazi hiyo kijana wa nyumbani anayeshinda kwenye simu.

Dalili ya tatu ni mlango unaofanya kazi leo, kesho hautaki, keshokutwa unataka. Kuna waya za umeme zinazopinda kila mlango unapofunguliwa, na baada ya miaka mingi moja huanza kukatika ndani ya ganda lake. Huyu ni mgonjwa wa fundi wa umeme wa magari, si wa mtu wa bodi wala wa injini. Mwambie hasa mlango hugoma ukiwa wapi: mwanzoni, katikati au mwishoni. Maelezo hayo yatakuokolea saa nyingi za kulipia.

Na watoto je? Hawa ndio wenye mlango. Wafundishe mapema kwamba mlango wa umeme si mchezo, na asiyekaa hafungiwi. Usijaribu kinga ya mlango kwa mkono wako, sembuse wa mtoto. Jaribu kwa katoni tupu. Hata kinga hiyo ikiwa nzima, huenda isihisi kitu chembamba kama kidole, hasa kwenye zile sentimita za mwisho ambapo kitasa huvuta kwa nguvu. Mahali penye mteremko uwe mwangalifu maradufu. Mlango usio na umeme ni mzito, na usipousukuma hadi mwisho ukashikwa na kizuizi chake, huteremka wenyewe na kumpata mtoto aliyeweka mguu kwenye kidato.

Kuna kidude kidogo kwenye ukingo wa mlango kinachozuia mtoto kuufungua kutoka ndani. Kwa maoni yangu, mlango wa kulia uwe na kizuizi hicho kila siku, kwa sababu sisi huendesha upande wa kushoto na mlango wa kulia hufungukia kwenye njia ya bodaboda. Watoto washuke kushoto. Ila kumbuka kwamba ukiweka kizuizi hicho, aliye ndani hawezi kujitoa kupitia mlango huo, labda dereva abonyeze kidude chake au mtu aufungue kwa nje. Kwa hiyo watoto wakubwa wafundishwe kupenya hadi kiti cha mbele na kutokea huko. Fanyeni zoezi hilo nyumbani gari likiwa limezimwa. Watacheka, lakini watajua.

Wewe uliye mbioni kununua, ukifika kwenye yadi za Ngong Road usiridhike na muuzaji kukufungulia mlango mara moja kwa rimoti na kutabasamu. Ufungue na kuufunga kila mlango mara kumi: kwa rimoti, kwa kidude cha dereva, kwa mkono wa nje na wa ndani, injini ikiwa inanguruma na ikiwa imezimwa. Kisha zima swichi kubwa uusukume kwa mkono. Ukikwaruza, ukisita, au muuzaji akianza kukuharakisha, hiyo ni sababu ya kupunguza bei.

Ikiwa unalo tayari na bei ya matengenezo imekushinda, hukulazimika kuuza mbuzi. Mlango huu ulikuwa mlango kabla ya kuwa wa umeme, na matatu nyingi zimekuwa zikisukumiwa milango kwa mkono miaka yote bila mtu kulalamika. Wapo waume, na wake pia, wanaoona kwamba kuusukuma mlango mbele ya majirani ni kushuka cheo. Hao ndio hubonyeza kebo iliyofumuka hadi ikatike. Wewe zima swichi. Mlango ukibaki mzito hata baada ya kuuzima, mwambie fundi aitoe kebo kabisa badala ya kuchomoa fyuzi tu, maana kebo mbovu iliyoachwa ndani hukokotwa kila mlango unaposukumwa. Simama karibu naye anapofanya kazi hiyo, uhakikishe kitasa kinakaza kwa mkono na taa ya dashibodi inazimika, na vipuri alivyovitoa umwambie avitie kwenye mfuko akukabidhi.