Kabla ya Uyombo kulikuwa na nyambizi

Suala la kawi ya nyuklia likizuka barazani kwetu, watu hugawanyika pande mbili kabla kahawa haijamiminwa. Upande mmoja ni kazi kwa vijana na umeme wa bei nafuu, upande wa pili ni saratani na samaki kufa. Tangu makabiliano ya Mei 2024 kule Uyombo, baina ya polisi na wenyeji waliokataa mtambo, maneno yamekuwa ni hayo hayo. Juzi baada ya alasiri mzee mmoja, mvuvi wa miaka mingi, alinigeukia akaniuliza jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwenye mikutano yote: "Mwanangu, wewe unayeandika, kitu hiki watu walikianzisha kwa ajili ya taa?"

La, mzee wangu. Kilianzia chini ya bahari, ndani ya manowari. Nilimweleza kwa kirefu, na kwa kuwa nadhani kisa chenyewe kinatuhusu kuliko tunavyodhania, nakiandika hapa.

Nyambizi za Vita vya Pili vya Dunia hazikuwa za kuishi chini ya maji. Injini ya dizeli inahitaji hewa kama mtu anavyohitaji, kwa hivyo nyambizi ilikwenda juu ya maji kwa dizeli, ikizama inatumia betri, na betri zikiisha lazima iibuke, adui awepo asiwepo. Kinu cha nyuklia hakivuti hewa. Kinatoa joto, joto linachemsha maji, mvuke unazungusha rafadha. Mwenye kinu kidogo cha kuingia tumboni mwa nyambizi angekaa chini mpaka chakula cha mabaharia kiishe.

Aliyeshikilia wazo hilo Marekani ni Hyman Rickover, afisa mhandisi wa jeshi la majini, mtoto wa Kiyahudi aliyezaliwa Poland mwaka 1900 na kuhamia Amerika akiwa mdogo. Kinu cha kwanza cha majaribio hakukijenga baharini. Alikijenga katika jangwa la Idaho, ndani ya kipande cha umbo la nyambizi, mbali kabisa na maji ya chumvi. Kilianza kufanya kazi Machi 1953. Miezi michache baadaye kiliendeshwa kwa nguvu kamili kwa karibu saa 100 mfululizo, muda ambao ungetosha kuvuka bahari ya Atlantiki. Wahandisi walitaka kusimamisha mapema, Rickover akakataa. Kama kuna cha kuharibika, na kiharibike jangwani.

Nyambizi yenyewe, Nautilus, ilishushwa majini kule Groton, Connecticut, Januari 1954. Mambo yake makubwa yanajulikana. Mwaka 1955 ilikwenda kutoka New London hadi Puerto Rico, takriban kilomita 2,200, chini ya saa 90 bila kuibuka. Tarehe 3 Agosti 1958 ilipita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini ikiwa na watu 116. Mafuta yake ya kwanza ya nyuklia yaliisukuma zaidi ya maili 62,000.

Mimi kilichonishika zaidi ni bomba. Septemba 1954, Nautilus ikiwa bado gatini, bomba dogo la mvuke lilipasuka wakati wa majaribio. Halikuwa bomba la kinu, na hakuna aliyekufa. Walipochunguza wakakuta kwamba mahali palipotakiwa bomba zima lisilo na mshono, fundi alitia bomba la kawaida lililochomelewa ubavuni. Kwa macho yanafanana. Rickover akauliza: ni mangapi mengine ya namna hii yamo ndani? Kumbukumbu za kiwanda hazikuweza kujibu. Basi akaamuru mabomba yote ya aina hiyo yang'olewe na kutiwa mapya, mazima na mabovu pamoja. Nautilus ilikabidhiwa kwa jeshi kwa sherehe tarehe 30 Septemba, lakini haikuondoka gatini kwa nguvu ya nyuklia hadi 17 Januari 1955.

Simfanyi Rickover kuwa walii. Alikuwa mkali na mgumu wa kuelewana naye, na mwaka 1985, baada ya kustaafu, alikaripiwa kwa barua rasmi kwa kupokea zawadi za maelfu ya dola kutoka kwa kampuni ile ile iliyokuwa ikiunda nyambizi zake. Hata huko zawadi za wanakandarasi wanazijua. Lakini siku ile ya bomba, mtu mmoja alikuwa na uwezo wa kusema "simamisheni" na kila mtu akasimama.

Kinu chenyewe hakikubaki baharini. Watu wale wale wa Rickover ndio waliosimamia ujenzi wa kituo cha umeme cha Shippingport, Pennsylvania, kilichoanza kutoa umeme Desemba 1957 kwa kinu kilichotokana na michoro ya kinu cha manowari ya kubeba ndege. Ni kinu cha maji yaliyobanwa kwa shinikizo kubwa yasichemke, yakabeba joto na kulipeleka kwa maji mengine yanayogeuka mvuke. Zaidi ya nusu ya vinu vya umeme duniani leo ni vya ukoo huo. Anayekuuzia kinu cha kawaida leo, kwa sehemu kubwa anakuuzia mjukuu wa Nautilus.

Sasa tuvuke upande wa pili. Wasovieti hawakutaka kuachwa nyuma. Nyambizi yao K-19, ya kubeba makombora, ilijengwa kwa haraka kubwa, na wafanyakazi kadhaa walikufa wakati wa ujenzi. Tarehe 4 Julai 1961, ikiwa Atlantiki ya Kaskazini, bomba lilivuja kwenye mfumo wa maji ya kupoza kimojawapo cha vinu vyake viwili. Joto likaanza kupanda, na mfumo wa dharura wa kupoza haukuwemo. Nahodha Nikolai Zateyev aliwatuma vijana wake waingie chumba cha kinu kuunga bomba la dharura kwa mkono. Walikwenda kwa zamu za dakika chache, bila mavazi ya kukinga mionzi. Bomba walilifunga, kinu kikapoa, meli ikanusurika. Wanane walifariki katika wiki chache zilizofuata. Familia zao hazikuruhusiwa kusimulia, na dunia haikuelezwa mpaka dola ya Kisovieti ilipokuwa inaporomoka. Nyambizi ilitengenezwa ikarudishwa kazini, mabaharia wakaipa jina la utani, "Hiroshima".

Nisije nikaambiwa natukuza Wamarekani. Tarehe 10 Aprili 1963 nyambizi yao Thresher ilizama na watu 129 wakati wa majaribio ya kuzama kina kirefu, hakupona hata mmoja. Uchunguzi uliona huenda kiungo cha bomba la maji ya bahari kilipasuka. Bomba tena. Hapo ndipo walipoweka utaratibu mkali wa kukagua na kuandika kila kiungo kinachozuia maji ya bahari, utaratibu ambao unatumika hadi leo.

Na mabaki? Hapo pande zote mbili hazina la kujivunia. Nyambizi ya pili ya Marekani, Seawolf, ilikuwa na kinu kilichopozwa kwa madini ya sodiamu badala ya maji. Kilisumbua kwa kuvuja, kikang'olewa, na mwaka 1959 wakakitosa Atlantiki. Chumba cha vinu cha K-19 kilitoswa bahari ya Kara mwaka 1965. Uingereza ilizindua Dreadnought mwaka 1960 kwa kinu ilichopewa na Marekani chini ya mkataba wa 1958. Iliistaafisha mwaka 1980, na bado inaelea bandarini Rosyth, Scotland, ikisubiri zamu ya kuvunjwa.

Wala haya si ya makumbusho tu. Mkataba wa AUKUS wa 2021, ambao Marekani na Uingereza zimekubali kuipa Australia nyambizi za nyuklia, umefuata njia ile ile ya mwaka 1958. Kituo kilichochaguliwa kuzipokea, HMAS Stirling karibu na Perth, kiko kwenye Bahari ya Hindi, bahari yetu hii hii. Australia imekubali kubeba jukumu la mabaki yake.

Nikirudi Uyombo. Mpango ulikuwa ni mtambo wa megawati 1,000 kando ya Mida na Watamu, na mazungumzo sasa yamesikika zaidi upande wa Siaya. Sijui mashua itatia nanga wapi. Lakini katika mikutano niliyohudhuria tumebishana juu ya kinu tu, ni salama au si salama, kana kwamba kinu kinajiendesha. Kinu cha Nautilus na cha K-19 vyote vilipozwa kwa maji yaliyobanwa.

Kwetu Kenya sheria za 2019 zilitenga kazi mbili: wakala wa NuPEA wa kuendeleza kawi ya nyuklia, na mamlaka ya KNRA ya kuidhibiti. Kwenye karatasi ni vizuri. Swali langu ni kama afisa wa KNRA akikuta bomba lililochomelewa mahali pa bomba zima, waziri ameshatangaza tarehe ya ufunguzi na mahema yameshapigwa, ataweza kuahirisha miezi minne? Na ni nani atakayeweka daftari la kila bomba, na mimi na wewe tutaruhusiwa kulifungua? Haya nimeyaandika kama maswali rasmi, na nitayapeleka kwenye kikao kijacho cha kukusanya maoni, kiwe Kilifi au Siaya.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza hiyo meli ya Waingereza inayoelea tu, mlinzi wake analipwa na nani. Nikamwambia mlipa kodi, tangu 1980. Akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa, akaagiza kahawa nyingine.