Kamera Ichaguliwe kwa Uso wa Mtu, Si kwa Jina la Kiwanda

Hapa Wandegeya, chini ya kilima cha Makerere, vijana wameanza tena kuzipenda kamera za filamu. Zile ambazo babu na baba zao walizifungia makabatini zinatolewa, zinapanguswa vumbi na kutiwa mkanda mpya. Sisi walimu hatuna ugomvi na jambo hilo, twalifurahia. Ugomvi wetu ni juu ya majibu wanayopewa vijana hao wanapouliza ni kamera ipi iwafaayo kuipenda na kuishika. Majibu hayo aghalabu hutoka kwa walimu wenzetu wanaosimamia vikundi vya picha mashuleni, na kwa maoni yetu ni majibu mabovu.

Wako wanaojibu kwa kutaja majina tu. Watakwambia Leica M3 ya mwaka 1954, au Nikon F ya mwaka 1959, au ile Contax T2 ya mwaka 1990 yenye gamba la titani, ambayo bei yake imepanda mno tangu watu mashuhuri wa ng'ambo walipoonekana nayo mkononi. Hatusemi kwamba vyombo hivyo ni vibaya. Twasema kwamba jina si hoja. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu, alianza utotoni na Box Brownie ya mtumba, kisanduku ambacho hakimdai mtu mengi zaidi ya kulenga na kubonyeza. Musa Katuramu wa Mbarara, aliyekuwa mwalimu na seremala, aliwapiga picha watu wa Ankole tangu miaka ya 1930, na picha hizo zimetolewa katika mfululizo wa vitabu uitwao Ebifananyi. Azitazamaye leo haulizi zilipigwa kwa kamera ya kiwanda gani; huuliza yule aliyepigwa ni mtoto wa nani.

Wengine hujibu kwamba kupenda hakuna sababu, kila mtu na chake, kipendacho moyo ni dawa. Methali hiyo twaijua na twaifundisha, lakini haikutungwa kwa ajili ya kununua vyombo kwa fedha za michango ya wazazi. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi achague apendavyo amekwepa kazi yake.

Sababu ipo, nayo ni nuru iangukayo juu ya nyuso zetu. Kipima nuru kilichomo ndani ya kamera hakijui uso wala nguo. Kimetengenezwa kwa dhana moja, kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, vitakuwa rangi ya kijivu cha wastani. Sasa msimamishe mzee wetu wa Buganda siku ya kwanjula, mweusi wa kupendeza, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vema, na nyuma yake pana ukuta wa chokaa. Kipima nuru kitauona weupe mwingi, kitadhani kwamba nuru imezidi, nacho kitaipunguza. Kanzu itatoka ya kijivu, na uso wa mzee utakuwa kivuli chenye macho mawili. Au yageuze mambo: mhitimu wa Chuo Kikuu cha Makerere amevaa joho jeusi, amesimama mbele ya miti yenye giza. Hapo chombo kitaongeza nuru kupita kiasi, na uso utapauka kana kwamba umepakwa unga. Kwa mujibu wa hesabu zake, chombo hakikukosea. Kilichokosekana ni mtu wa kukikatalia.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la bahati mbaya tupu. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilipanga rangi zao kwa kadi zilizotolewa na kampuni ya Kodak, zenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley, kwa jina la mmoja wa wanawake hao. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo, na ngozi nyingine zote zikawa matatizo ya fundi. Mpaka ilipofika miaka ya 1990 ndipo zilipotolewa kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali. Watu wangapi wa Kampala, Mwanza na Kisumu wamo katika albamu za familia kwa namna ya vivuli tu, nasi tukaambiwa kwamba ndivyo tulivyo!

Basi kamera ya kupendwa na mwalimu wa Afrika ya Mashariki ni ile inayomruhusu mtu kukikatalia kipima nuru, na kumkatalia kila mara bila ya kumwomba radhi. Kamera nyingi ndogo zinazojiendesha zenyewe, hizi hizi zinazoshangiliwa sasa, hazina hata kidude kimoja cha kutimiza kazi hiyo. Huamua zenyewe, na mwenye kamera hubaki mgeni katika nyumba yake. Zikiharibika nyaya zake za ndani, fundi wa kawaida hana la kufanya.

Sisi twaipendekeza Pentax K1000 bila ya kigugumizi. Ilitengenezwa tangu mwaka 1976 hadi mwaka 1997, na kwa muda wote huo haikubadilishwa sana, kwani palikuwa na vitu vichache vya kubadilishwa. Pazia lake hufunguka kwa nguvu ya springi, kuanzia sekunde 1 hadi sehemu ya 1,000 ya sekunde. Betri yake moja, ndogo kama kifungo cha koti, hulisha kipima nuru tu. Ikiisha, kamera huendelea kupiga picha kama kawaida. Haina swichi ya kukizima kipima hicho. Kwa hiyo mwenye kamera hana budi kuifunika lenzi kila amalizapo kazi, la sivyo betri itaisha ikiwa mkobani. Wako wanaoihesabu hiyo kuwa kasoro. Sisi twaiona kuwa adabu njema kwa mwanafunzi.

Tazama sasa jinsi inavyomtumikia yule mzee wa kanzu. Mpigaji humsogelea hadi uso wake ulijaze dirisha la kuangalilia. Huuzungusha mzunguko wa tundu la lenzi mpaka mshale ukae katikati, kisha hurudi nyuma hadi kanzu yote ionekane. Mshale utaruka, uache uruke. Picha ipigwe kwa kipimo cha uso. Kama uso ni mweusi sana, tundu laweza kufungwa hatua moja, lakini filamu ya negativu hustahimili nuru iliyozidi kuliko iliyopungua, na asiyefunga hatapata hasara kubwa. Kazi yote hiyo haichukui nusu dakika, na mwanafunzi aliyeifanya mara kumi ameelewa nuru kuliko aliyesoma vitabu vitatu.

Atakayekuja na Zenit E ya Urusi hatutamfukuza. Ni nzito kama tofali, dirisha lake lina giza, na kasi zake huanzia sehemu ya 30 ya sekunde na kukoma sehemu ya 500. Lakini kipima nuru chake hakihitaji betri kabisa, na hata kikifa kwa uzee, jua la hapa kwetu lajulikana: kwa filamu ya kasi ya 100, mchana wa jua kali, tundu liwe 16 na pazia liwe sehemu ya 125.

Twaambiwa kwamba filamu ni ghali na maduka ya kuisafisha yamepungua. Ni kweli, na ndiyo sababu tusiitumie fedha yote katika gamba la titani. Mwenye uwezo aitazame Pentax 17 iliyotoka mwaka 2024, ambayo hupiga nusu picha, hata mkanda wa picha 36 ukatoa 72. Hiyo hupima yenyewe, lakini ina gurudumu la kuongeza na kupunguza nuru, kwa hiyo hatuikatai. Ila ilipotoka bei yake ilikuwa takriban dola 500, na kwa fedha hizo tungependelea kuona kikundi kizima kikinunuliwa K1000 za mtumba na mikanda yake.

Lipo pia jambo la lugha, nalo latuhusu sisi kuliko wauza kamera. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima mashuleni, twatafuta kila siku vitu vya kuwatia wanafunzi maneno kinywani. Mwanafunzi wa Kiganda huita picha ekifaananyi, kitu kinachofanana, naye hufurahi akitambua kwamba kitenzi chake na kufanana kwetu ni ndugu wa damu. Kiswahili kimelikopa jina la picha, lakini vitenzi ni vyake: picha hupigwa, filamu husafishwa. Katika kamera ya mkono mna tundu, pazia, mshale, mkanda, kifuniko, springi, na kila kimoja chaweza kuguswa kwa kidole na kutajwa. Kamera ijiendeshayo hufundisha kitenzi kimoja tu, kubonyeza.

Kwa hiyo mwalimu anayekwenda kununua na aende mchana, asiuangalie mng'aro. Afungue mgongo wa kamera, aweke pazia kwenye sekunde 1, afyatue na kusikiliza: likisita au lisifunge, airudishe mezani. Kisha aielekeze lenzi kwenye jua la dirishani atafute ukungu, kwani unyevu wa Kampala hula vioo vilivyofungiwa makabatini. Na betri anunue mbili.