Nani Kachomeka Saa Hizi?

Baridi ya Mbeya mwezi wa saba si ya kusimuliwa! Mwaka huu ilinikuta kwa dada yangu, Forest. Saa moja usiku yeye yuko jikoni na jiko la umeme, binti yake anapiga pasi sare za shule, mimi nipo bafuni na hita. Mara shemeji karudi kazini, kachomeka gari lake la umeme. Pa! Swichi kuu ikakata. Nyumba nzima giza, mimi na povu kichwani.

"Hilo gari lako litatutoa roho!" dada akafoka.

"Gari limekosa nini? Zimeni hita," shemeji akajibu.

Basi bwana, chakula kililiwa kimya kimya.

Kesho yake tukapiga hesabu. Hita ya kuogea yaweza kula kilowati 5, jiko 2, pasi 1, na gari 3. Vyote kwa mpigo! Lakini mizunguko ya mjini, tuseme kilomita 40 kwa siku, hula kama uniti 7 tu. Hizo gari linazirudisha kwa saa mbili na ushee, na lina usiku mzima wa kufanya hivyo.

Gridi ya Taifa nayo ina tabia kama za nyumba ya dada. Jioni Mbeya, Iringa na Dar wote wanawasha pamoja, usiku wa manane matumizi yanashuka. Mwaka 2024 tulianza na mgawo, kisha mvua zikajaza mabwawa mpaka mitambo mitano ya maji ikazimwa kwa sababu umeme ulizidi matumizi. Tangu 2025 Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo yote tisa, megawati 2,115. Magari yakichaji usiku, umeme huo unapata kazi. Yakichaji yote saa moja jioni, transfoma ya mtaa ndiyo italia.

Wenzetu Kenya wameliwekea bei jambo hili. Tangu Aprili 2023 uniti ya kuchaji vyombo vya umeme ni shilingi 16 za kwao, na usiku 8, kabla ya kodi na tozo. LUKU zetu za nyumbani hazina bei ya usiku, kwa hiyo kwetu bado ni suala la kuelewana.

Na kuelewana si kwa mume na mke tu. Nina marafiki wachumba, wamepanga Gangilonga, Iringa, LUKU moja na majirani. Wapo kwenye D1: shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, ukizidisha ni 350. Wanataka Nissan Leaf ya zamani, betri yake uniti 24. Jaza mara tatu tu, uniti 72 zimekwenda! Jirani mwenye taa mbili na redio atawaelewa kweli? Nimewaambia waombe mita yao kwanza, gari lifuate.

Kwa dada mambo yametulia. Gari lilikuwa na taima siku zote, hakuna aliyeigusa. Shemeji ameiweka saa tano usiku, na anayechungulia asubuhi kama limejaa ni dada mwenyewe.

Je, kwenu nani anachomeka nini, na saa ngapi? Kaeni mpange kabla gari halijafika. Tukutane mwezi ujao!