Hojaji mbovu huwaficha walemavu wa Garissa

Katika sensa ya 2019, makarani waliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Ilipatikana kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu. Shirika la Afya Duniani hukadiria asilimia 16 duniani kote. Tofauti hiyo ina sababu nyingi, zikiwemo mbinu za kuhesabu. Lakini sababu moja twaweza kuirekebisha sisi wenyewe: lugha.

Swali la kutembea, kwa Kiingereza, huuliza iwapo mtu ana taabu ya kutembea au kupanda ngazi. Mfugaji wa Balambala anayelala katika nyumba ya mikeka atapanda ngazi gani? Aulizwe kama anaweza kufuata mifugo hadi kisimani na kurudi.

Kuna pia hojaji ya maswali 18 kuhusu ushiriki, iliyotungwa Nepal, India na Brazil. Humlinganisha mgonjwa na wenzake: je, ana nafasi sawa ya kupata kazi, na hutembelea watu kama wao? Kwa mama wa Garissa, mwenzake ni mwanamke wa rika lake, si mwanamume aendaye soko la mifugo. Mfasiri asipolieleza hilo, tutaandika kwamba mama ametengwa kwa ulemavu, kumbe ni desturi. Ama tutakosa kugundua kwamba siku hizi haalikwi arusini.

Halafu kuna neno la Kisomali, naafo. Ukiuliza kama nyumbani yumo naafo, huenda utatajiwa asiyetembea, na mtoto kiziwi akasahauliwa. Ndiyo maana yafaa kuuliza juu ya taabu, si jina.

Kwa hivyo, karani asiachiwe kutafsiri papo hapo mlangoni. Mtu mmoja atafsiri, mwingine airudishe katika Kiingereza bila kuona ya awali, kisha zilinganishwe. Baadaye walemavu wenyewe, wake kwa waume, mjini na malishoni, waulizwe walivyoelewa kila swali. Wamunyoyaya wa kando ya Mto Tana nao wana lugha yao, wasisahauliwe.

Kazi hii huchukua majuma kadhaa na fedha kidogo. Lakini viti vya magurudumu, walimu wa viziwi na kliniki za mazoezi ya viungo hupangwa kwa hesabu. Asiyehesabiwa hatengewi chochote.