Pua iliyobonyea si suala la urembo

Barua ya bima iliyomfikia mwana wa dada yangu ilikuwa na sentensi moja ya maana: upasuaji wa urembo haulipiwi. Aliyeiandika hajawahi kumsikia kijana huyu akilala. Anakoroma mdomo wazi, anaamka koo limekauka, na mchana akiwa steji ya boda hapa Membley, hata miwani ya kukinga vumbi haimkai. Mwamba wa pua wa kuishikilia umebonyea.

Aligongwa na matatu akiingia Eastern Bypass. Helmeti ilimwokoa kichwa. Hospitali alikopelekwa walimshona mdomo, wakampiga eksirei, wakampa dawa za maumivu na kumruhusu aende nyumbani. Hakuna aliyemmulika ndani ya pua. Siku ya nne homa ilipanda, na usaha ukaanza kutoka.

Sehemu ya mbele ya ukuta unaotenganisha tundu mbili za pua ni gegedu, ule mfupa laini unaopindika, nalo halina mishipa yake ya damu. Hulishwa na utando unaolifunika. Pua ikipigwa, damu huweza kujikusanya kati ya utando na gegedu, na gegedu likikosa chakula huanza kufa kwa siku chache tu. Dalili yake si ya kutafuta sana: pua imeziba baada ya kipigo, na ukimulika ndani unaona uvimbe laini umejaa katikati. Damu hiyo ikitolewa siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa kawaida mwamba husalimika. Majirani hunigongea geti usiku wakijua nilikuwa muuguzi wa thieta. "Auntie, mtoto ameangukia pua." Namulika kwa simu, na nikiuona uvimbe huo nawaambia twende hospitali Ruiru sasa hivi, si kesho. Anayemshona mgonjwa mdomo hospitalini naye hawezi kukosa dakika moja ya kufanya hivyo.

Mwamba ukishabonyea, hauna budi kujengwa, na fundi mwema hujengea gegedu la mgonjwa mwenyewe. Mara nyingi la kwanza kufikiriwa ni lile la ukuta wa pua, ila kwa kijana wetu ndilo lililokufa. La sikio limejikunja kiasili, linafaa ncha ya pua na mbawa zake, lakini ni dhaifu kuubeba mwamba mzima; tena baadhi yetu ngozi zetu huota makovu ya kuvimba, hata daktari hupima sana kabla ya kukata sikio. Linabaki la ubavu, aghalabu wa sita au wa saba.

Hilo nimeliona likitolewa. Ni jeupe kama nyama ya nazi. Daktari hulichonga kwa kisu, halafu huliweka kwenye maji ya chumvi na kungoja, sote tumesimama. Gegedu la ubavu lina tabia ya kupinda baada ya kuchongwa. Mwaka 1958 Gibson na Davis walieleza kwamba hupungua kupinda likichongwa kutoka kiini chake, pande zote sawasawa. Likipinda mbele ya macho yetu, huchongwa upya. Kwa kuwa halitegemei mishipa yake yenyewe, huvumilia kuhamishwa: kule linakopandikizwa hunyonya chakula kwa nyama inayolizunguka, na mwili haulikatai kwa kuwa ni lake. Silikoni humwepusha mgonjwa kukatwa kifua, lakini ni kitu kigeni, na huweza kutoboa ngozi miaka mingi baadaye. Kupandikiza gegedu la ubavu ni kazi ya saa nyingi, na mgonjwa huumwa kifua akikohoa kwa wiki kadhaa. Sijaona anayeipitia ili apendeze pichani.

Wanaodhani haya ni anasa za matajiri wa Nairobi wakumbuke shirika la afya la AMREF. Liliasisiwa mwaka 1957 na madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, na wote walikuwa mabingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbo. McIndoe ndiye aliyewajengea nyuso marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia. Huduma yake ya Madaktari Wanaoruka, ambayo Wakenya tunajivunia, ilianzishwa na watu waliojua kwamba uso ulioharibika humnyima mtu pumzi, chakula na kazi.

Naitaka mamlaka ya bima ya afya ya umma, SHA, iliyochukua nafasi ya mfuko wa NHIF Oktoba 2024, pamoja na kampuni za bima za kibinafsi, ziache kuamua kwa kusoma jina la upasuaji tu. Fomu ya idhini iulize mambo mawili. Pua iliharibiwa na ajali, kipigo au ugonjwa? Daktari wa masikio, pua na koo amethibitisha kwamba hewa haipiti vizuri? Majibu yote mawili yakiwa ndiyo, bima ilipe, pamoja na gharama ya kutoa gegedu la ubavu, hata kama mgonjwa atatoka thieta akiwa na sura nzuri kuliko aliyoingia nayo.