Tala ya Samoa, Dola ya Fiji na Siku Ambayo Haikuwepo

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kijiprogramu nilichokuwa nikiandika usiku baada ya kazi. Nilitaka kitu ambacho ukikipa sarafu mbili na tarehe yoyote ya zamani, kinakuambia siku hiyo zilibadilishwa kwa kiwango gani. Kwa majaribio nikachagua sarafu ambazo si rahisi kuzikuta Nairobi: tala ya Samoa na dola ya Fiji. Nilijiambia, ikiziweza hizo, shilingi haitaishinda.

Ikaziweza. Grafu ilitoka bila pengo hata moja, kila siku na nambari yake, tarakimu sita baada ya nukta. Nikajipongeza kwa chai. Halafu nikaona kwamba ilikuwa imenipa kiwango cha tala cha tarehe 30 Desemba 2011. Shida ni kwamba nchini Samoa tarehe hiyo haikuwepo kabisa.

Sifanyi mzaha. Samoa ilikuwa upande wa mashariki wa Mstari wa Kimataifa wa Tarehe, siku moja nyuma ya Australia na New Zealand ambako inafanya biashara nyingi. Mwaka 2011 ikaamua kuhamia upande wa pili. Alhamisi tarehe 29 ilipokwisha usiku wa manane, watu wakaingia moja kwa moja Jumamosi tarehe 31. Ijumaa ikarukwa. Hakuna benki iliyofunguliwa Apia siku hiyo, maana siku yenyewe haikuwepo.

Lakini msimbo wangu ulikuwa na mstari mmoja wa kusaidia: ukikuta siku haina nambari, chukua ya jana. Fiji walikuwa na Ijumaa yao kama kawaida. Basi programu ikachukua tala ya Alhamisi kwa dola ya Marekani, ikachukua dola ya Fiji ya Ijumaa kwa dola ya Marekani, ikagawanya, ikanipa jibu bila haya.

Kuna jingine. Kabla ya kuhama, saa za kawaida za Samoa zilikuwa nyuma ya zile za Fiji kwa saa 23. Kwa hiyo hata kwa siku zilizokuwepo, nilipounganisha majedwali mawili kwa tarehe nilikuwa nikilinganisha Jumatatu mbili zilizoachana karibu siku nzima.

Najua wengine mtasema tofauti ya siku moja ni senti tu. Mara nyingi ni kweli, kwa sababu sarafu hizi zote mbili zimefungwa kwenye kapu la sarafu za nchi nyingine na hazirukiruki ovyo. Lakini zikiruka, zinaruka kweli. Fiji ilishusha thamani ya dola yake kwa asilimia 20 mwezi Januari 1998, na tena kwa asilimia 20 tarehe 15 Aprili 2009.

Sasa mfikirieni mzazi wa Samoa mwenye mtoto Suva, katika Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini. Tuseme tala imetulia, na karo ya dola za Fiji ilikuwa inamgharimu tala 1,000 tarehe 14 Aprili. Kesho yake ingemgharimu 800. Programu inayotunza wastani wa mwezi tu itamwambia karibu 893. Hiyo 893 hakuna mtu aliyeilipa, si kabla wala baada ya tarehe 15. Kama miaka kadhaa baadaye mzazi huyo anabishana na mtu kuhusu deni la karo ile, nambari hiyo itamdhulumu mmoja wao, na itaonekana sahihi kwa sababu imetoka kwenye kompyuta.

Ndiyo maana naona sisi watengenezaji programu tuna makosa. Tunaogopa pengo kwenye grafu kuliko tunavyoogopa nambari ya kubuni. Kiwango cha kihistoria ni hesabu iliyofanywa na mtu, na mtumiaji ana haki ya kujua imefanywaje. Je, ni bei ya kununua, ya kuuza au ya katikati? Ni ya siku au ni wastani wa mwezi? Imepimwa saa ngapi, na kwa saa za wapi? Imepitia dola ya Marekani? Na kama siku haina nambari, iandikwe wazi kwamba haina.

Wala msidhani haya ni ya visiwa vya mbali tu. Ukigawanya shilingi ya Kenya na ile ya Tanzania kupitia dola, unafanya hesabu ileile, na unaweza kukosea vilevile.

Nimeshaufuta ule mstari wa kuchukua ya jana. Grafu yangu sasa ina matundu kama wavu wa mvuvi, na ile Ijumaa ya Samoa iko wazi. Rafiki yangu mmoja ameiona akasema imeharibika. Mimi naona ndiyo kwanza imeanza kufanya kazi. Nyinyi mnaonaje: mngependa grafu ipi kati ya hizo mbili, kama deni lingekuwa lenu?