Mwanamke Mzee Si Zimwi

Wakristu wameuliza kama ni halali kwenda kutazama sinema za kutisha. Nitajibu upesi, kwa sababu si hilo lililonifanya nishike kalamu. Filamu inayosemwa ni ile iitwayo The Substance, kazi ya mwanamke Mfaransa, Coralie Fargeat, iliyotoka mwaka 2024 na kupata zawadi ya uandishi huko Cannes mwezi wa Mei mwaka ule. Ina uchi mwingi na damu nyingi kupita kiasi. Haifai kwa watoto hata kidogo, na mwenye chumba cha video anayewapokea watoto wa shule ya msingi kwa franka 500 anajua vema anachokifanya. Mtu mzima mwenye akili aweza kuitazama na kujifunza neno. Hayo yamekwisha.

Lililonifanya niandike ni kelele niliyoisikia jioni ile. Tulikuwa watu kama arobaini kwenye mabenchi, hapa Kasindi, karibu na soko. Filamu ililetwa katika flash kutoka ng'ambo ya daraja, na jenereta ilinguruma nje hata maneno hayakusikika vizuri. Saa nzima na zaidi vijana walikaa kimya. Kisha kwenye kioo akatokea mwanamke mzee, mgongo umepinda, nywele chache, mikono kama mizizi. Papo hapo, kana kwamba wamefundishwa, wakapiga ukelele: "Mulozi! Mulozi!" Wakacheka, wakapiga makofi. Baadhi yao nawajua, ni watoto waliopokea Kipaimara katika parokia zetu. Dhidi ya ukelele ule ndiyo naandika.

Inafaa kwanza kueleza hadithi, maana asiyeijua hataona kosa liko wapi. Kuna mwanamke Elisabeth Sparkle. Zamani alisifiwa sana katika sinema, hata jina lake likaandikwa katika nyota ya barabarani huko Hollywood. Sasa anaongoza mazoezi ya mwili katika televisheni. Siku anapotimiza miaka 50, mkubwa wake anamfukuza, kwa sababu watu wanataka sura changa. Basi anapata dawa ya siri. Anajichoma sindano, mgongo wake unapasuka, na ndani yake anatoka msichana mzuri aitwaye Sue. Sharti ni moja: siku saba aishi huyu, siku saba aishi yule, kwa maana wao ni mtu mmoja. Lakini Sue anapenda sifa. Anaanza kuiba siku za Elisabeth. Kila siku anayoiba, mwili wa Elisabeth unalipa: kwanza kidole kimoja kinakauka na kuzeeka, kisha mguu, kisha mwili mzima. Kibiongo kile walichokicheka vijana ni deni la wizi. Mwishoni msichana anamwua mzee, na baada ya kumwua, yeye mwenyewe anaanza kumomonyoka, meno yanatoka, sikio linaanguka.

Je, mulozi yuko wapi hapo? Mzee yule hakumloga mtu. Yeye ndiye aliyeibiwa. Aliyestahili kuzomewa ni bwana yule wa televisheni mwenye kula uduvi kwa pupa huku anamhukumu mwanamke kwa miaka yake, na watu wote wanaokaa mbele ya televisheni wakidai kila siku sura mpya. Ndivyo mwenye filamu alivyokusudia. Lakini vijana wetu walitazama mwili wa mzee tu, wakatoa hukumu.

Sehemu ya kutisha kuliko zote haina tone la damu, na watu wengi waliitumia kwenda kununua karanga. Elisabeth amepatana kuonana jioni na mwanamume aliyesoma naye zamani, mtu wa kawaida asiye tajiri, anayemwona mzuri bado. Anavaa nguo, anapaka rangi, yuko tayari. Anapita mbele ya kioo, anarudi kujirekebisha. Anatoka tena, anarudi tena. Mwishowe anafuta uso wake kwa mikono kwa hasira mpaka umekuwa mwekundu, na hakwenda. Mtu alimngoja, yeye akabaki gizani na kioo. Hakuna aliyemfungia mlango. Aibu aliyopandiwa na wengine ndiyo iliyomfunga.

Wengine watasema: hayo ni mambo ya Wazungu wa Marekani, sisi huku tunawaheshimu wazee. Kweli? Ingia sokoni hapa. Kasindi ni mlango. Kila kitu cha Uganda na cha mbali zaidi kinapita darajani, mchele, mafuta ya gari, simu, na pia chupa ndogo na mikebe ya mafuta ya kugeuza ngozi. Watanzania huyaita mkorogo. Muuzaji atakuambia yanang'arisha na kuondoa miaka kumi usoni. Hatakuambia kilichomo. Mengine yana zebaki, ambayo huharibu mafigo na mishipa ya fahamu, na mama mwenye mimba humpitishia mtoto aliye tumboni. Mengine yana haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu huleta mabaka meusi ya buluu usoni, yaani kinyume cha kile mtu alichonunua. Mengine yana dawa kali za hospitali za jamii ya steroidi, zinazofanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi; mwanamke huyo akipasuliwa wakati wa kujifungua, kidonda chaweza kukawia sana kupona. Mataifa yalikubaliana katika Mapatano ya Minamata ya mwaka 2013 kwamba mafuta ya ngozi yenye zebaki yasitengenezwe wala kupitishwa kutoka nchi moja hadi nyingine baada ya mwaka 2020. Rwanda iliyakusanya madukani na kuyateketeza tangu mwishoni mwa 2018. Bado yanauzwa. Anayeyapaka anaiba siku zake za kesho ili leo asifiwe, na mwili unalipa, kidole kwa kidole, kama katika filamu.

Neno moja hapa, ili nisieleweke vibaya. Tanzania, mwaka 1968, vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na mafuta ya kujichubua, na kuna wasichana waliofukuzwa na kuaibishwa barabarani. Mimi sitaki hayo. Ukimzomea msichana kwa sababu amejichubua, umemwongezea aibu ileile iliyompeleka dukani. Mwenye kuulizwa kwanza ni mume anayemwambia mkewe amechakaa, na mwenye duka la simu anayeajiri wasichana weupe tu wakae mbele.

Lakini mafuta si kitu mbele ya ukelele ule wa "mulozi". Neno hili huku kwetu si mchezo. Mwezi wa Septemba 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake wanane waliuawa, wengine kwa moto, kwa kushitakiwa uchawi. Vyumba vya maombi vina manabii wanaotaja majina, na majina wanayoyataja mara nyingi ni ya wanawake waliokwisha pita miaka 60. Usukumani, Tanzania, kwa miaka mingi wazee wanawake wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu. Ndugu yangu, nani asiyejua macho mekundu yanatoka wapi? Yanatoka kwenye moshi. Mwanamke aliyeinama mbele ya mafiga miaka hamsini, akipuliza kuni mbichi ili wewe ule, atapata wapi macho meupe?

Na kibiongo je? Hapa ndipo ningependa wale vijana wa mabenchi wanisikilize. Waangalieni makoko wanaoshuka kutoka milimani. Mzigo uko mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, shingo imekaza. Ni mihogo, ni maharagwe, ni kuni, na juu ya mzigo mara nyingine kuna mjukuu. Kamba hiyo huacha alama kwenye paji ambayo haitoki. Mgongo ulipinda mwaka kwa mwaka, kwa sababu mihogo ile iliuzwa, na kwa fedha ile ukalipiwa shule, ukanunuliwa kalamu, na hata franka ulizolipa mlangoni pa video huenda zilitoka hapo. Elisabeth wa filamu alipinda kwa siku alizoibiwa. Koko wako alipinda kwa siku alizozitoa mwenyewe. Ukimwita mulozi, unaidhihaki risiti ya shule yako.

Mtu fulani aliniambia baada ya filamu: "Lakini wako wazee wanaologa kweli, babu zetu walijua." Nikamwuliza: yule mzee wa televisheni alimloga nani? Akanyamaza. Kumbe hukumu ilikuwa tayari moyoni kabla ya kosa kuonekana. Kanisa linakataza kwenda kwa waganga na wapiga ramli. Limekataza pia kumshuhudia jirani uongo, na kumwua. Mkristu anayekwenda kwa nabii ili kuuliza nani amemla mtoto wake amevunja amri zaidi ya moja kwa safari moja.

Sasa jina lile, Elisabeth. Sijui kama mwenye filamu alilichagua kwa kusudi, lakini sisi Wakatoliki hatuwezi kulisikia bila kumkumbuka Elizabeti mwingine, mke wa Zakaria. Naye alikuwa mzee. Naye alihesabiwa na watu kuwa amekwisha, tasa, mtu wa kuonewa huruma na kusemwa kisimani. Na kwake alikwenda msichana. Tunalitafakari kila Jumatatu na Jumamosi katika Rozari, fumbo la pili la furaha, na tunalisherehekea tarehe 31 Mei. Wazee wetu watakumbuka kwamba kabla ya kalenda kubadilishwa mwaka 1969 ilikuwa tarehe 2 Julai. Maria alipanda milima kwa haraka, akakaa kwa mzee yule kama miezi mitatu. Akampa siku zake. Na mzee ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kumtambua Mama wa Bwana. Makuhani na wakubwa walikuwa hawajajua kitu. Ebu linganisha: Sue na Elisabeth, Maria na Elizabeti. Msichana na mzee huku, msichana na mzee kule. Katika nyumba ya kwanza siku zinaibwa, nyumba inajaa maiti. Katika nyumba ya pili siku zinatolewa, na mtoto anaruka tumboni.

Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki tarehe 21 Aprili 2025, alifundisha juu ya uzee kwa miezi mingi katika mwaka 2022. Siku moja ya Juni alimtaja mwigizaji Mwitalia, Anna Magnani, ambaye alipoambiwa aondoe mikunjo ya uso wake alikataa, akisema ilimchukua miaka mingi kuipata. Sisi wa Beni na Kasindi tuna sababu ya kulisikia neno hilo kwa namna nyingine. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka katika kanisa la ndugu zetu Waprotestanti hapa Kasindi, wakati wa sala. Tarehe 16 Juni mwaka uleule, ng'ambo tu ya mpaka, huko Mpondwe, wanafunzi 37 wa shule ya sekondari ya Lhubiriha waliuawa usiku. Mama zao hawataona kamwe uso wa hata mmoja ukipata mkunjo. Katika nchi hii, mtu aliyefikia mvi amepita katikati ya risasi, kipindupindu, Ebola ya 2018 hadi 2020, na njaa ya ukimbizi. Na sisi tunalipa kiingilio ili tufundishwe kuuogopa uso wake!

Waliomtengenezea mwigizaji Demi Moore mwili ule wa kizee walipewa zawadi ya Oscar mwezi wa Machi 2025, na kwa ufundi waliistahili. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka 61 filamu ilipotoka. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na sisi, na kuna mambo ya kufanya tangu Jumapili ijayo. Makatekista waliseme neno "mulozi" waziwazi katika mafundisho, wasilipite pembeni kwa haya. Jumuiya ndogo ikisikia kwamba koko fulani ametajwa na nabii, isingoje. Wakubwa wa jumuiya waende kwake jioni ileile, wakae, wasali naye, na waonekane na majirani wakitoka mlangoni pake. Mwenye kuuza mafuta na kukaa benchi la mbele kwenye Misa aende kwa padri waongee.

Na Jumapili ya nne ya Julai, ambayo Fransisko aliiweka tangu 2021 iwe siku ya wazee wote, karibu na sikukuu ya Yoakimu na Anna, wazee wa mbali wafike kanisani. Wengi hawafiki kwa sababu ya miguu. Kiingilio cha jioni mbili au tatu za video chaweza kumleta koko mmoja kwa pikipiki na kumrudisha nyumbani. Vijana wenye pikipiki mnajulikana majina, na orodha ya wazee iko kwa katekista.